Rukia kacheza saa saba mchana

Mama Rukia: Masalkheri nyote. Ndio twarudi uwanjani. Rukia na wenziwe wa timu ya soka ya wasichana wameshinda mbili moja, wako nusu fainali. Lakini nina uchungu jamani. Wamepangiwa saa saba, jua la utosi. Alipofunga lile la pili akakimbilia upande wa mashabiki, mikono juu, hapana mtu. Mimi, kocha, na kijana wa maji.

Halati Zuhura: Mashallah Rukia! Na shule je? Hawakuja?

Mama Rukia: Basi la shule limefika saa tisa na nusu, na ngoma na tarumbeta, kwa mechi ya wavulana ya saa kumi.

Ami Salim: Shemeji, wavulana ndio wavutao watu, ndio maana wapewa jioni.

Mama Rukia: Ami, saa kumi ndiyo ivutayo watu. Jua limepoa, watu wametoka kazini, wameshaswali alasiri. Saa saba nani atakuja? Wape wasichana saa kumi mara mbili tatu, kisha tuhesabu watu.

Binti Mwana (Michigan, Marekani): Huku jambo hili lilifika mahakamani. Wasichana wa sekondari walikuwa wakicheza basketiboli vuli na voliboli wakati wa baridi, kinyume na majimbo mengi. Makocha wa vyuo vikuu wakija kutafuta wachezaji wa voliboli, msimu wa hapa haujaanza. Wazazi wakashtaki 1998, wakashinda 2001, rufaa zikavutana hadi 2007 ndipo misimu ikabadilishwa. Miaka tisa! Na sheria ya Title IX, ikatazayo ubaguzi wa jinsia mashuleni, ilikuwapo tangu 1972.

Kaka Swaleh: Na sisi tuna Katiba ya 2010, kifungu cha 27, haki sawa kwa mke na mume. Isitoshe, timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika Kombe la Dunia ni ya wasichana, Junior Starlets, chini ya miaka 17, mwaka 2024. Rika la Rukia hao.

Rukia (simu ya mama): Ami, shikamoo. Jua twalizoea. Lakini tulipokuwa twatoka, basi likawa lashusha watu. Mwalimu wetu mmoja akatuona na jezi zimerowa jasho, akauliza, "Nyinyi mwacheza lini?"

Ami Salim: Marahaba mwanangu. Hilo limenichoma. Nusu fainali lini?

Rukia (simu ya mama): Jumamosi. Saa saba tena.

Ami Salim: Mama Rukia, kesho asubuhi twende sote kwa mwalimu wa michezo. Tumuombe zamu: juma hili wasichana jioni, lijalo wavulana. Akisema ratiba haibadiliki, basi la shule lilete watu saa sita na nusu, ngoma zikiwamo.

Halati Zuhura: Sisi wa Likoni twavuka na feri mapema, saa sita tuko hapo. Nakuja na wanangu wanne na miavuli.

Kaka Swaleh: Nampitia Bibi Kisauni. Asema hajawahi kumuona Rukia akicheza.

Rukia (simu ya mama): Bibi yuaja?? Mwambieni navaa namba 9.