Besi (gitaa la sauti nzito) ya kilo 5 inanimaliza bega: niibadilishe na ipi?

Swali: Sauti yake naipenda mno, ila baada ya saa 2 jukwaani bega linakufa ganzi. Ina nyuzi 4, skeli (urefu wa uzi unaotetema) ya inchi 34. Nilenge uzito gani?

Jibu: Kilo 3.2 hadi 3.6. Nenda dukani na mizani ya kuning'iniza, kwa sababu magitaa mawili ya modeli ileile huweza kupishana hata nusu kilo kutokana na mbao. Kisha livae umesimama, uachie mikono. Kiwiliwili kikiwa chepesi kupita kiasi, shingo huinamia sakafu, na mkono unaobonyeza nyuzi ndio unabeba mzigo. Hapo funga funguo nyepesi za kukazia nyuzi. Gramu chache zikipungua kule kichwani, mwisho wa shingo funguo zinapokaa, urari wa gitaa hubadilika sana.

Jibu: Skeli ya inchi 30 pia hupunguza uzito, lakini uzi wa E, ule mnene kuliko wote, hulegea. Weka seti nene ya nyuzi, mfano 50–105 (unene kwa elfu za inchi, uzi mwembamba hadi mnene). Mimi ningechukua isiyo na kichwa, hata kama sura yake inachekesha.

Jibu: Kabla hujauza, jaribu mkanda mpana wa begani, sentimita 9 hivi. Na kama unaogopa kupoteza sauti yako, pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) zako pia zinahamishika kwenda besi mpya. Pima kwanza matundu zinamokaa.