Waanglo-Saksoni: waliiamini Injili, au walimfuata mfalme tu?

Kalamu ya Mkonge (mleta mada)

Wakuu, salamu kwenu. Mimi ni Mwanglikana wa kuzaliwa, na kanisa letu likieleza lilikotoka hurudi kwa Augustino, yule mtawa aliyetumwa na Papa Gregori Mkuu akatua Kent, moja ya falme ndogo za Waanglo-Saksoni (mababu wa Waingereza), mwaka 597 na wenzake karibu 40. Askofu Mkuu wa Canterbury hadi leo anahesabiwa mrithi wa kiti chake. Tumesimuliwa habari hiyo kana kwamba Waingereza walikuwa wamekaa pwani wakiisubiri Injili. Hoja yangu ni hii: walioipokea ni wafalme, na waliipokea kwa hesabu za kifalme. Raia walipelekwa tu.

Mtazameni Ethelbert wa Kent. Mkewe Bertha, binti wa mfalme wa Wafranki, alikuwa Mkristo tangu kwao. Alikuja na askofu wake, Liudhard, na alikuwa akisali katika kanisa la Mt. Martino pale Canterbury kabla Augustino hajafika. Kwa hiyo dini haikuwa ngeni kwa mfalme. Jipya lilikuwa kuipata moja kwa moja kutoka Roma, asionekane mdogo wa wakwe zake wa ng'ambo ya bahari. Papa akamwandikia Patriarki wa Alexandria kwamba Waingereza zaidi ya 10,000 wamebatizwa kwa Krismasi moja. Haya. Ethelbert akafa 616, mwanawe Eadbald akamrithi mke wa babaye na kulipa Kanisa kisogo. London nako wana wa Saebert, mfalme wa Essex, wakamfukuza Askofu Mellitus kwa sababu aliwanyima mkate wa Ekaristi ilhali hawajabatizwa. Wale 10,000 walikuwa wapi?

Kijana wa Mbezi

Mkuu, umemsahau Raedwald, mfalme wa Anglia Mashariki, kipenzi changu katika historia hii yote. Alibatizwa Kent, akarudi nyumbani, mkewe na washauri wakamgeuza, akaishia kuwa na madhabahu ya Kristo na kimadhabahu cha matambiko ndani ya hekalu moja! Lile kaburi la meli lililofukuliwa Sutton Hoo mwaka 1939, lililojaa dhahabu na fedha, wengi wanaamini ni lake. Mazishi ya kijadi kabisa, lakini ndani mna vijiko vya fedha, kimoja kimechorwa jina la Paulo kwa Kigiriki. Huyo hakutaka kukosana na yeyote.

Dada wa Ujiji

Kalamu, naomba nitofautiane nawe. Kama ni amri ya mfalme tu, mbona Edwin, mfalme wa Northumbria kule kaskazini, alichelewa vile? Alimwoa Ethelburga, binti wa huyo huyo Ethelbert, akaahidi kutomwingilia katika dini yake. Mwaka 626 akanusurika kuuawa kwa kisu chenye sumu, akaahidi kuifuata imani akiwashinda waliomtuma muuaji. Akashinda. Bado hakubatizwa. Aliacha kutambikia sanamu, akawa anakaa peke yake akiwaza, kisha akaita baraza. Mfalme aliyekwisha kuamua ana haja gani ya baraza?

Kalamu ya Mkonge

Dada, baraza hilo hilo ndilo linalonipa nguvu. Wa kwanza kusimama alikuwa Coifi, mkuu wa makuhani wa jadi. Alisema nini? Kwamba hakuna aliyeitumikia miungu kwa bidii kumshinda yeye, na bado wapo wanaopata zawadi na heshima kubwa zaidi kwa mfalme. Basi miungu haina faida. Akapanda farasi, akaenda kulirushia mkuki hekalu lake mwenyewe. Hiyo ni imani, au ni mtumishi aliyecheleweshewa cheo?

Pasaka ya 627 Edwin akabatizwa York. Paulino, askofu wake, akakaa Yeavering, kwenye makao ya mfalme, siku 36, asubuhi hadi jioni, akibatiza watu mtoni. Mwaka 633 Edwin akauawa vitani na Penda, mfalme mpagani wa Mersia, akishirikiana na Cadwallon, mfalme wa Wawelisi ambaye alikuwa Mkristo. Paulino akapanda meli na malkia kurudi Kent, na wafalme wawili waliofuata wakarudia miungu yao. Kazi ya siku 36 ikaenda na maji.

Mzee Kobe

Wanangu, Paulino aliondoka, kweli. Shemasi wake Yakobo hakuondoka. Alibaki karibu na Catterick akifundisha na kubatiza mpaka uzeeni, na kwenye sinodi (mkutano wa viongozi wa Kanisa) ya Whitby mwaka 664 alikuwapo bado. Hakubaki miaka yote hiyo akiyahubiria mawe.

Halafu kuna Aidan. Oswald, aliyekuwa uhamishoni kwa Waairishi, alipotwaa ufalme wa Northumbria aliomba askofu kutoka Iona, kisiwa cha watawa huko Uskoti. Aidan alikuja 635 akapewa kisiwa cha Lindisfarne. Kiingereza hakukijua vizuri, kwa hiyo mfalme mwenyewe akawa mkalimani wake. Alitembea kwa miguu, na mfalme Oswin alipompa farasi wa thamani, akampa maskini aliyekutana naye njiani. Oswald naye akauawa na Penda mwaka 642, lakini safari hii kazi haikuvunjika. Hilo, mwanangu Kalamu, hesabu yako ya wafalme hailielezi.

Mtu wa Kwale

Mzee wangu umenena, ila wewe nawe unasimulia wahubiri. Raia je? Beda, mtawa wa Jarrow ambaye karibu kila mnachotaja hapa kimetoka kwake, ana kisa kimoja katika maisha ya Mt. Cuthbert ambacho nikikisoma hucheka na kuhuzunika kwa pamoja. Watawa walikuwa wakisafirisha magogo karibu na mlango wa mto Tyne. Upepo ukageuka, vyombo vyao vitano vikasukumwa kuelekea baharini. Ng'ambo umesimama umati wa wakulima, na badala ya kusikitika wanazomea! Cuthbert, kijana bado, akawaambia si bora wawaombee. Wakamjia juu: asiwaombee mtu, Mungu asimhurumie hata mmoja wao, maana wametuondolea ibada za zamani, na hizi mpya hakuna ajuaye zinafanywaje.

Lisikieni lalamiko lenyewe. Hawakusema Woden, mungu wao wa jadi, ni mkubwa kuliko Kristo. Walisema wamenyang'anywa utaratibu wao na hakuna aliyekuja kuwaelekeza mwingine. Ng'ombe akiugua waende kwa nani? Mvua ikikataa? Hapo ni takriban kizazi kimoja tangu ubatizo wa York. Watu hao hawakuwa wameamini wala kukataa, waliachwa njiani. Amri ya mfalme huweza kubomoa hekalu kwa siku moja, lakini padre wa kijiji haji kwa amri. Lazima asomeshwe, alishwe, akubali kukaa huko.

Kijana wa Mbezi

Ndiyo maana Papa Gregori mwaka 601 alimwandikia Mellitus: mahekalu msiyabomoe, vunjeni sanamu tu, nyunyizeni maji ya baraka, wekeni madhabahu na masalia ya watakatifu. Ng'ombe waliokuwa wakichinjiwa mashetani waendelee kuchinjwa, ila watu wale kwenye sikukuu za wafiadini. Mtu anakwenda pale pale alipozoea, na nyama anaipata. Akili nyingi hiyo.

Dada wa Ujiji

Akili, sawa, ila wiki chache kabla ya hapo alikuwa amemwandikia Ethelbert ayabomoe. Alibadili mawazo barua ya kwanza ikiwa bado safarini.

Kalamu ya Mkonge

Mnasifu akili, na nguvu mnaiweka wapi? Eorcenbert wa Kent, aliyeanza kutawala 640, ndiye wa kwanza kuamuru sanamu ziharibiwe ufalme mzima, na adhabu juu. Sheria za Ine wa Wessex: mtoto asipobatizwa ndani ya siku 30, faini shilingi 30.

Na kisiwa cha Wight, 686. Caedwalla, mfalme wa Wessex ambaye mwenyewe alikuwa hajabatizwa, alikivamia akiwa na nia ya kuwamaliza wenyeji na kuweka watu wake, akaweka nadhiri ya kulipa Kanisa robo ya nchi na nyara. Wavulana wawili, ndugu wa mfalme wa kisiwa, wakakamatwa. Abate mmoja akaomba wafundishwe imani kwanza. Wakafundishwa, wakabatizwa, wakauawa. Beda anasimulia kwa furaha kwamba waliingia uzimani. Mimi nilipofika hapo nilifunga kitabu.

Mzee Kobe

Kwa Wight sina utetezi, ile ni damu. Ila tazama Essex wakati wa tauni ya 664. Wafalme wawili walitawala kwa pamoja. Sighere na watu wake wakarudi kujenga upya mahekalu ili gonjwa liwaepuke. Sebbi na watu wake wakashikilia imani. Kabila moja, tauni moja. Kama wote walikuwa wakifuata upepo, hawa wa Sebbi walishikwa na nini?

Kalamu ya Mkonge

Walishikwa na Sebbi, mzee wangu! Kila upande ulimfuata mfalme wake, nawe umenisaidia. Ombi langu ni moja tu: nitajieni mahali ambapo watu wa kawaida walibatizwa ilhali mfalme wao mkuu ni mpagani.

Dada wa Ujiji

Waangli wa Kati, mwaka 653. Mtawala wao alikuwa Peada, chini ya baba yake Penda, na Penda hakubatizwa kamwe. Mapadre wanne waliingia, Cedd akiwamo, na Beda anasema kila siku watu walibatizwa, wakubwa kwa wadogo.

Kalamu ya Mkonge

Peada alibatizwa ili apewe binti wa Oswiu wa Northumbria. Sharti la ndoa lilikuwa hilo.

Dada wa Ujiji

Na aliposikia mafundisho alisema atakuwa Mkristo hata akinyimwa binti.

Kijana wa Mbezi

Kila bwana harusi husema hivyo mbele ya wakwe.

Dada wa Ujiji

Basi mwacheni Peada na harusi yake. Nataka Kalamu anijibu kuhusu baba mtu. Penda aliwaua wafalme Wakristo, akafa mpagani mwaka 655, lakini hakuwazuia wahubiri kuingia hata kwa Wamersia wake mwenyewe. Waliomchukiza, kwa maneno ya Beda, ni wale walioipokea imani ya Kristo halafu hawatendi matendo yake. Mfalme mpagani hawezi kutofautisha Mkristo wa jina na Mkristo wa kweli mpaka awe amewaona wote wawili, na kwa Penda hakuna aliyeamriwa kuwa wa namna yoyote kati ya hizo.