Mjadala: Je, mwenye shamba aruhusiwe kuuza viwanja kabla njia hazijapimwa?

Assalaamu alaykum ndugu zangu.

Katika mazungumzo yetu kuhusu maisha ya vitongoji vya mji wa Unguja, mchangiaji mmoja ameandika kwamba mwenye shamba ana haki ya kukata viwanja apendavyo, na kwamba mnunuzi aliyekosa njia alipaswa kufungua macho kabla ya kutoa fedha zake. Mimi napinga kauli hiyo. Naona kisiuzwe hata kiwanja kimoja katika shamba lolote la pembezoni mwa mji mpaka njia za gari na mapito ya maji ya mvua yawe yamepimwa, yamewekewa bikoni, yaani vigingi vya mpaka, na kuandikwa mbele ya sheha, kiongozi wa Serikali katika mtaa.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi, na ya 2022 ikahesabu 893,169. Idadi hiyo haikuweza kumezwa na Mji Mkongwe wala na Ng'ambo; watu wamejenga Fuoni, Tomondo, Kwarara, Mwera na Bububu, mahali ambapo wazee wetu walikuwa wakipanda muhogo chini ya minazi na miembe. Sehemu ya ardhi hiyo ni zile ekari tatu tatu ambazo wananchi walipewa baada ya Mapinduzi ya 1964 ili walime, na Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 inasema wazi kwamba ardhi ni ya umma, mtu hupewa haki ya kuitumia tu. Kwa hiyo hoja ya "shamba langu, nifanye nitakavyo" ina udhaifu tangu kwenye msingi wake.

Maisha ya huku yana raha zake, na sitaki mtu adhani kwamba nawahimiza watu warudi mjini. Mtu ana ua wake, upepo unapita, anajenga chumba kimoja kimoja kwa kadiri ya riziki yake, na majirani hawaachani kwenye harusi wala msiba. Taabu huanza pale nyumba zinapojaa. Njia ambayo mnunuzi wa mwanzo aliambiwa kuwa "itakuwepo" inageuka uchochoro wa mtu na baiskeli, kwa sababu kila aliyekuja baadaye alisogeza ukuta wake nje kidogo. Hapo mgonjwa wa usiku, au mama mwenye uchungu wa uzazi, anabebwa kwenye kiti mpaka barabarani ambako gari linamsubiri. Nyumba ikishika moto, gari la zimamoto linasimama mbali na watu wanakimbia na ndoo. Gari la kunyonya choo halifiki pia, kwa hiyo shimo likijaa huchimbwa jingine pembeni yake, na katika ardhi yetu ya mawe ya matumbawe yenye matundu, uchafu huo hauna kizuizi kikubwa cha kuuzuia usifike kwenye kisima cha jirani. Mvua za masika nazo hufuata bonde lake la siku zote, na aliyeuziwa kiwanja ndani ya bonde hilo wakati wa kiangazi hugundua mwezi wa Aprili kwamba sebule yake imo katikati ya mkondo.

Wengi hapa wanalaumu tamaa ya wauzaji. Nadhani chanzo kikubwa zaidi ni namna tunavyogawa mirathi. Mzee anafariki, shamba linakatwa mafungu ya warithi, na kila mrithi anauza fungu lake peke yake kwa wakati wake. Hakuna hata mmoja anayekubali njia ipite kwake, kwa kuwa hasara itamwangukia yeye na faida itakwenda kwa ndugu zake. Dawa yake iko ndani ya utaratibu tunaoufahamu sote: kama gharama za maziko na madeni ya marehemu yanavyotolewa kabla ya mali kugaiwa, basi na njia itolewe katika shamba zima kwanza, ndipo mafungu yakatwe katika kinachobaki. Dini yetu haikulinyamazia suala hili; katika hadithi iliyopokewa na Abu Huraira, watu wakigombania njia upana wake uwekwe dhiraa saba, ambazo ni mita tatu na kidogo. Chochoro zetu nyingi hazifikii hata hizo.

Wanaosema muuzaji atafilisika wapige hesabu. Ekari tatu ni karibu mita za mraba 12,140, ambazo bila njia yoyote zinatoa kama viwanja 40 vya mita 20 kwa 15. Shamba hilo likiwa mraba, kila upande ni kama mita 110, na njia mbili za upana wa mita sita zinazolikata mwanzo hadi mwisho zinachukua mita za mraba 1,320, yaani viwanja visivyotimia vitano. Sote tunajua kwamba kiwanja kinachofikika kwa gari kina bei kubwa kuliko kilichozibwa nyuma ya nyumba za watu, kwa hiyo sehemu ya hasara hiyo hurudi kwenye bei.

Wapo waliopendekeza Serikali ije baadaye ibomoe na kulipa fidia. Huo ndio mlango wa gharama kubwa kuliko yote, kwa sababu kigingi kinachowekwa leo kwenye muhogo kesho kitakuwa ukuta, sakafu na bati la mtu aliyejinyima miaka mingi. Pendekezo la kujenga maghorofa kama ya Michenzani ni zuri kwa wanaoyataka, ila halimsaidii aliyekwisha kununua Kwarara.

Ninachowaomba wanaonipinga wajibu ni hili: ikiwa muuzaji halazimiki kutoa njia na mnunuzi wa mwisho hana tena pa kuitoa, ni nani mnayemtaka ailipie, na ailipie lini?