Nyongo inayojikamua kupita kiasi (HIDA 93%), mawe hakuna: upasuaji, dawa au lishe? Tulinganishe

BintiPangani (Columbus, Ohio)

Wadau, habari zenu. Nimetafuta jambo hili kwa Kiswahili sikuliona. Kila mahali ni mawe ya nyongo, na mimi sina jiwe hata moja. Kwa hiyo naandika kwa urefu, mnivumilie.

Ni mwezi wa kumi na nne sasa. Maumivu huanzia kwenye chembe cha moyo, huhamia chini ya mbavu za kulia, kisha hutokea mgongoni chini ya bega. Hupanda taratibu, yakifika juu hayashuki, hudumu nusu saa mpaka muda wa saa tatu. Mara ya kwanza ilikuwa alfajiri nikimalizia zamu ya usiku ya kuuguza wagonjwa, nimekula maandazi na mayai mawili ya kukaanga. Mwenzangu alinikuta kwenye chumba cha kufulia nimepiga magoti, kipaji cha uso nimekigandamiza kwenye mlango wa mashine, maana ubaridi wa lile bati ndio pekee uliokuwa unanituliza.

Altrasaundi mbili safi. Damu ya ini na kongosho sawa. Endoskopia, ile kamera ya kuingizwa tumboni, haikuona kidonda, vijidudu vya H. pylori hakuna, omeprazoli ya kupunguza asidi nimemeza wiki nane bila nafuu. Mwishowe nikapelekwa kipimo cha HIDA. Unalala chini ya kamera, unadungwa dawa yenye mionzi kidogo, ini linaichukua na kuimimina kwenye mfuko wa nyongo; halafu wanakupa sinkalaidi, dawa inayouamuru mfuko ujikamue, ndipo wanahesabu nyongo iliyotoka ni asilimia ngapi. Yangu ilitoka 93. Muuguzi akanipigia simu kwa furaha kabisa: "Mfuko wako unafanya kazi vizuri sana." Nilikata simu nikalia. Wakati ile dawa inaingia, maumivu yalikuja yaleyale ya kwenye chumba cha kufulia, nikamwambia aliyekuwa ananipima, lakini kwenye ripoti hakuna hata neno moja juu yake.

Daktari wa pili kasema zaidi ya 80% wapo wanaouhesabu kuwa ni ugonjwa, na yuko tayari kuutoa mfuko. Wa kwanza kasema hatoi kiungo kizima kwa sababu ya namba. Mimi nipo katikati. Nisubiri kwa lishe na dawa za kutuliza mkazo wa misuli ya tumbo, au nikate shauri nikatwe? Naomba waliopitia, siyo waliosikia.

---

Tabibu_Moro (Morogoro)

Pole sana dada. Mimi ni daktari wa kawaida, si bingwa wa mfumo wa chakula, ila wagonjwa wa namna yako nimewaona.

Tuanze na namba. Mfuko wa nyongo ukikamuliwa kwa sinkalaidi ya mwendo wa taratibu, 38% kwenda juu ndiyo kawaida. Kipimo kilitengenezwa kuwanasa wenye mfuko mvivu, kwa hiyo ripoti nyingi zina mpaka wa chini tu, wa juu hazina. Ndiyo maana 93 yako ikaandikwa "kawaida". Aliyeisoma hakukudanganya, fomu yenyewe haina mahali pa kuiweka.

Sasa swali langu kubwa kuliko yote: dawa iliingizwa kwa muda gani? Kipimo kinachoaminika kinataka mikrogramu 0.02 kwa kila kilo ya mwili, ipite polepole kwa dakika 60. Zipo sehemu bado wanaisukuma kwa dakika tatu tu. Ukisukumwa hivyo, hata mtu mzima wa afya tumbo litamkata na kichefuchefu kitamshika. Kwa hiyo maumivu ya wakati wa kipimo yanaweza yasiseme lolote. Kaombe rekodi yako, siyo ripoti peke yake, uone dozi na dakika. Kumbuka pia kama ulikuwa umemeza chochote siku hiyo, maana dawa jamii ya morfini, na hata Buscopan ya kutuliza mkazo wa tumbo, huvuruga majibu.

Na hata kama ilikuwa dakika 60, mimi ningeyapa uzito zaidi maumivu ya nyumbani. Vigezo vya Roma IV vya mwaka 2016, ambavyo madaktari hutumia kutambua maumivu ya nyongo, vinauliza hivi: yanapanda na kukaa palepale kwa dakika 30 au zaidi? Yanakuja kwa vipindi visivyolingana, siyo kila siku? Yanakusimamisha kazi? Ukienda chooni, ukijigeuza au ukimeza dawa ya asidi, hayapungui? Uliyoyaandika yanakaribia kabisa. Hilo ndilo ningelipeleka mbele ya daktari wa upasuaji, 93 ije baadaye.

---

MzaramoDallas

Dada, mimi ni wewe wa mwaka juzi. HIDA 96, mawe hakuna, nikaambiwa ni wasiwasi wa maisha ya ughaibuni. Kuna daktari aliniuliza kama nimeikumbuka sana nyumbani. Iliniuma kuliko nyongo.

Nilifanyiwa upasuaji wa kutoa mfuko kwa matundu manne madogo, nikaingia asubuhi nikatoka jioni. Siku tatu za kwanza kilichonitesa ni bega, siyo tumbo. Ile gesi wanayojazia tumbo ili waone vizuri ndiyo huleta maumivu ya bega. Tembea tembea ndani ya nyumba, inaisha. Wiki ya pili nilirudi kazi ya mezani. Kubeba mizigo walinikataza kwa muda zaidi, na kazi yako ya kugeuza wagonjwa usiifanyie haraka.

Maumivu yale hayajarudi hata siku moja.

Kuhusu bima: ofisi ya daktari wangu iliandika msimbo wa ugonjwa K82.8, unaobeba hitilafu za mwendo wa mfuko wa nyongo. Waulize wataandika upi kabla ya tarehe, na kiasi gani utalipa mwenyewe kabla bima haijaanza kuchangia. Mimi sikuuliza, bili ilinikuta sijajiandaa.

---

MamaSwafiya (Mombasa)

Mwanangu pole. Mimi yangu iligunduliwa Chennai, India, nilikuwa nimempeleka mume wangu kwa moyo, nikashikwa mimi usiku hotelini. Wakapima, 88. Wakaniambia naweza kutoa au kungoja. Nikasema niuguze mmoja kwanza.

Sasa ni miaka minne na mfuko ninao. Lakini usidhani lishe ni neno jepesi, na hapa pwani tui ndilo tunalolelewa nalo. Daktari alinieleza hivi: mafuta yakifika utumbo mdogo, utumbo hutoa homoni ya kuuambia mfuko ukamue. Mafuta mengi kwa mpigo, amri inakuwa kali. Basi sikuacha nazi, nimeacha tui zito. Nakuna nazi moja, tui la kwanza nawawekea wanangu, mimi napikia la pili na la tatu, samaki wa kuchoma badala ya kukaanga, na nakula kidogo kidogo mara tano. Wali wa nazi wa harusini sitii mkono. Viini vya mayai vilinishika kuliko hata mahamri, ikabidi niviache kabisa.

Ila mwaka wa kwanza nilifanya kosa, niliogopa kula. Nilikonda kilo kumi na moja kwa miezi mitatu. Daktari akanikemea kweli, kwamba kukonda kwa haraka hivyo kwenyewe huzalisha mawe. Ukiona unaogopa sahani ya chakula, hapo lishe haikusaidii tena, inakumaliza.

Mashambulizi yangu sasa ni mawili matatu kwa mwaka. Kwangu yanavumilika. Wewe unashikwa mara ngapi?

---

BintiPangani

Shikamoo mama, na ahsante kwa ukweli huo wa kuogopa sahani. Ndipo nilipo. Nashikwa mara tatu au nne kwa mwezi, na nimepungua kilo tisa bila kukusudia.

---

Juma_Birmingham

Naweka upande wa pili, nisingependa mtu aingie bila kuujua. Huku Uingereza kipimo hiki cha kukamua hakitumiki sana, nilikipata kwa kulipa. 84. Nikatafuta daktari wa kunitoa mfuko nikampata. Mfuko ukatoka, maumivu yakabaki. Na juu yake nikapata kuharisha, kila nikila ndani ya dakika ishirini natafuta choo.

Kuharisha kulipata tiba: kolestiramini, unga wa kukoroga kwenye maji, unaishika ile nyongo inayotiririka utumboni bila mfuko wa kuitunza. Lakini nilikaa miezi saba kabla mtu hajaniambia ipo. Ukifanyiwa na ukaharisha zaidi ya wiki chache, itaje wewe mwenyewe.

Maumivu yalikuwa nini? Ukuta wa tumbo. Mshipa wa fahamu ulibanwa kwenye msuli. Daktari mmoja alibonyeza pale panapouma kwa kidole kimoja, akaniambia ninyanyue kichwa na mabega nikiwa nimelala. Panapokazwa msuli maumivu yakazidi. Akasema kinachouma kingekuwa ndani, msuli ukikaza ungekikinga. Sindano ya ganzi palepale, nikainuka mzima. Jaribio la dakika moja, na hakuna aliyelifanya kabla ya kisu. Dada, liombe kabla.

---

Tabibu_Moro

Juma umenena jambo kubwa, nashukuru. Na ndiyo hali ya ushahidi ilivyo: wagonjwa wengi wa nyongo yenye kasi waliofuatiliwa baada ya kutolewa mfuko walipata nafuu, lakini kwa sehemu kubwa hawakulinganishwa na wenzao waliobaki nao. Kwa hiyo yeyote anayekuahidi kupona kwa uhakika anazidisha, na anayekuambia ugonjwa huu haupo naye anazidisha. Upasuaji una hatari zake pia, kubwa ni kujeruhiwa kwa mrija mkuu wa nyongo. Hutokea kwa chini ya mtu 1 katika kila 100, lakini ukitokea ni safari ndefu.

Dawa za kutuliza mkazo kama Buscopan zinaweza kumsaidia mtu siku ya shambulio. Sijaona zikimaliza tatizo.

---

Kipepeo_AR (Arusha)

Jamani mimi nasoma huku natetemeka, ni mimi kabisa. Miaka mitatu natibiwa vidonda vya tumbo, na endoskopia haijawahi kuona kidonda. Hospitali niliyoenda hawana hicho kipimo cha HIDA. Jirani kanishauri ninywe kikombe cha mafuta ya zeituni na ndimu usiku, kwamba mawe yatatoka yenyewe. Nifanyeje?

---

Tabibu_Moro

Dada, hicho kikombe kiache kabisa. Yale mabonge ya kijani watu wanayoyaona chooni ni sabuni, mafuta yameungana na vitu vya tumboni. Hayajawahi kukaa kwenye nyongo. Na kama mfuko wako una kasi kweli, kikombe kizima cha mafuta ni kuupiga mjeledi.

HIDA inahitaji idara ya tiba ya nyuklia pamoja na sinkalaidi, na vyote viwili kuvikuta mahali pamoja kwetu si rahisi. Lakini altrasaundi unaipata, na inaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo. Nenda umefunga kula kwa muda wa saa sita mpaka nane. Wapime urefu, upana na kimo cha mfuko, wazidishe vyote kisha mara 0.52, ndio ujazo. Ule kitu chenye mafuta, mayai au maziwa yasiyotolewa mafuta. Wapime tena baada ya dakika 30, 45 na 60. Ukitoka mililita 30 ukabaki 3, umetoa 90%. Si sahihi kama HIDA na mkono wa mpimaji una sehemu yake, kwa hiyo mwombe mtu yuleyule apime mara zote. Daktari wako aandike kwenye fomu kwamba anataka ujazo kabla na baada ya kula, maana wengi wataangalia mawe tu wakuruhusu.

Ukiona macho yamekuwa manjano, mkojo kama chai ya rangi, kinyesi cheupe, au homa na kutetemeka pamoja na maumivu, hapo hakuna kulinganisha. Ni hospitali siku hiyohiyo.

---

BintiPangani

Wadau, nimerudi baada ya wiki tatu.

Rekodi imefika. Dakika 60, dozi sahihi, na sikuwa nimemeza chochote. Kwenye karatasi ya mpimaji, kwa mwandiko wa mkono, yapo maneno ambayo hayakuingia kwenye ripoti: mgonjwa analalamika maumivu sawa na ya nyumbani, dakika ya 25. Nimeyasoma mara kumi. Kumbe alinisikia.

Daktari wa upasuaji amenibonyeza kama alivyoeleza kaka Juma. Nilipoinua kichwa maumivu yalipungua, hayakuzidi. Nilimuuliza amewatoa wangapi wasio na mawe, na wangapi walirudi wakilalamika. Alinijibu bila kuzungusha, kwamba wapo waliorudi. Hapo ndipo nilipomwamini. Tumekubaliana kutoa, tarehe 14. Kilo tisa ndizo zilizoniamulia, siyo 93. Mama Swafiya, mpaka siku hiyo napikia tui la pili.

---

MamaSwafiya

Mungu akutangulie mwanangu. Ukitoka, anza na uji mwepesi, usikimbilie pilau.

---

Kipepeo_AR

Nimepata nafasi ya altrasaundi Alhamisi saa mbili asubuhi. Fomu imeandikwa kama ulivyosema, Tabibu: ujazo kabla na baada. Mpimaji kakubali kupima mwenyewe mara zote nne, kasema nije na chakula changu. Nakwenda na mayai mawili ya kuchemsha kwenye mkoba.