Mwenyekiti wetu kanidhalilisha mkutanoni: eti "kazi yako kuchota, si kuhesabu"!!

Mama Ndoo Mbili

Wakuu, hata viatu sijavua. Nimetoka mkutanoni sasa hivi, vumbi la uwanja wa shule bado liko miguuni, naandika huku mikono inatetemeka. Yule mtu mnamjua. Hana haja ya kutajwa. Kofia ya pama, ufunguo wa pikipiki unazunguka kidoleni, "ndugu wananchi" kumi kabla ya neno moja la maana. Huyo huyo.

Leo kaniambia mbele ya kijiji kizima: "Mama, kaa chini. Kazi yako kuchota, si kuhesabu."

Kuchota, si kuhesabu! MIMI!

Ngoja nianze mwanzo japo moyo hautaki. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa uitishwe kila baada ya miezi mitatu. Sisi mara ya mwisho kuitwa ilikuwa kabla ya masika ya mwaka jana. Mtoto wa jirani yangu alikuwa bado tumboni, leo anakimbiza kuku. Juzi alfajiri mgambo kapita na kipaza sauti: mkutano saa nne, kila kaya itoe mtu, asiyekuja faini. Tukaenda. Saa nne ikawa saa saba. Sisi juani, wazee wamekalia matofali, jua lile ungeweka sufuria chini uji ungechemka. Wao wako chini ya mwembe, meza ina kitambaa, na juu ya kitambaa maji ya chupa. Maji ya chupa, wakuu! Kwenye kijiji ambacho bomba halijatoa tone siku 41!

Taarifa ya mapato na matumizi ikasomwa na mtendaji kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Nilisikia "mapato", nikasikia "matumizi", katikati ni upepo tu. Mwenyekiti akasema wanaokubali wanyooshe mikono, na mikono haijafika mabegani kashasema imepita.

Nikasimama. Sikutukana, sikupaza sauti. Nikafungua pindo la kanga nikatoa stakabadhi yangu. Imekunjwa mara nne, wino umeanza kufifia, lakini muhuri unaonekana na 10,000 inasomeka. Nikasema: ndugu mwenyekiti, kila kaya ilichanga 10,000 ya pampu ya kisima. Kaya ngapi zilitoa? Jumla ni shilingi ngapi? Na pampu iko wapi?

Maswali matatu tu. Hata mtoto wa darasa la tatu angeyajibu.

Akanitazama kama nimemkanyaga. Akageuka kwa yule wa kulia kwake, wakacheka kwanza wao wawili, ndipo akanirudia: "Mama, kaa chini. Kazi yako kuchota, si kuhesabu."

Na watu wakacheka! Wale wale ninaopanga nao foleni ya ndoo saa tisa usiku wakacheka!

Mimi sijui kuhesabu? Ndoo ya lita 20 ni shilingi 50. Nyumba yangu ndoo sita kwa siku, hiyo 300, mwezi unakula 9,000. Nani kanifundisha hesabu hiyo kama si kile kisima? Pale bomba lilipopasuka wamelifunga mpira wa tairi. Nimehesabu mizunguko ya ule mpira nikiwa foleni: 11. Na lilipokuwa na maji bado lilivuja! Nahesabu kila kitu mimi. Kichwani kwangu ndoo, mkononi ndoo, mgongoni mtoto, na bado nahesabu. Yeye hata ukimuuliza ana vidole vingapi atasema ajenda hiyo haipo.

Kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wa mkutano mkuu. Sikwenda pale kuomba chumvi. Ule mkutano ni wangu kama ulivyo wake. Halafu aniambie kuchota!

Nina hasira sijui niiweke wapi. Semeni jamani.

Mzee wa Kona

Nimevuta mkeka kabisa. Mleta uzi, swali dogo tu: ulikaa au hukukaa?

Mama Ndoo Mbili

Sikukaa. Nilisimama mpaka dua ya kufunga. Miguu imevimba kama mihogo ya mvua, lakini sikukaa.

Mzee wa Kona

Hapo sawa. Endelea kutiririka.

Mtoto wa Mjini

Maelezo kilomita saba, picha hakuna. Punguza povu mama, weka stakabadhi tuione. Huku mtu yeyote anaweza kusema alichanga.

Mama Ndoo Mbili

Niweke stakabadhi yenye jina langu kamili ili iweje? Wewe maji unafungua koki yanatoka, huwezi kujua kuambiwa kazi yako kuchota kunachoma wapi.

Mtoto wa Mjini

Koki ya wapi? Huku mgawo wiki nzima. Na afadhali wewe una mtu wa kumuuliza. Mwenyekiti wangu wa mtaa simfahamu hata sura. Ninachokifahamu ni kijana wake wa kukusanya hela ya taka. Hela inaondoka kila mwezi, taka haziondoki. Lile rundo la kwetu limekuwa kilima, karibu lipewe jina na kitongoji chake.

Karani Mstaafu

Mama pole sana. Lile neno ni la kumwomba radhi mtu hadharani. Lakini nikusaidie kitu, maana nimekaa kwenye ofisi hizi muda mrefu.

Hapo mna mifuko miwili na mnaichanganya, na yeye anafurahi mkiichanganya. Shilingi 50 ya ndoo si ya serikali ya kijiji. Tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Namba 5 ya 2019 iliyoanzisha Ruwasa, yaani wakala wa maji vijijini, miradi ya maji vijijini inaendeshwa na chombo cha watumia maji, chenye kamati yake, hesabu zake na akaunti yake. Kwa hiyo hela ya ndoo daftari lake liko huko, na mkiona giza ofisi ya Ruwasa ya wilaya wanapaswa kulifahamu. Ile 10,000 ni jambo jingine. Kama ilikusanywa kwa stakabadhi yenye muhuri wa kijiji, basi ilipita kwenye halmashauri ya kijiji, na muhtasari wa kikao kilichopitisha mchango huo lazima uwepo. Halmashauri ya kijiji si mtu mmoja. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inasema wajumbe wasipungue 15 wasizidi 25, na wanawake angalau robo. Hao wote walikuwa wapi wakati unaambiwa vile?

Mama Ndoo Mbili

Ahsante mzee wangu, umenipa pa kuanzia. Wajumbe wanawake walikuwepo. Mmoja alikuwa anatazama kucha zake. Mwingine ndiye aliyegawa zile chupa za maji. Na mweka hazina wa chombo cha maji ni shemeji yake mwenyekiti, sasa hilo daftari nilione kwa mlango upi?

Lakini mzee, umeiona ile sentensi? Kuchota, si kuhesabu. Nikifumba macho naisikia.

Jembe Halimtupi

Mimi nitasema ukweli mnichukie. Mkutano una utaratibu. Maswali ya fedha yanaletwa kwa maandishi kwa mtendaji mapema, siyo mtu anaibuka na kikaratasi kwenye pindo la kanga. Mwenyekiti naye ni binadamu, alichoka, jua lilikuwa kali.

Mama Ndoo Mbili

Jua lilikuwa kali chini ya mwembe?

Mzee wa Kona

Jembe, wewe ndiye yule wa kulia kwake mliyecheka pamoja nini?

Jembe Halimtupi

Sijataja kijiji changu.

Mzee wa Kona

Wala hujakanusha 😂😂😂

Dada wa Bondeni

Maandishi! Bibi yangu ana miaka zaidi ya 80, alichangia kwa kuuza jogoo wake wa mwisho, na naye alete maandishi? Msituudhi.

Halafu mimi nina yangu. Barua ya utambulisho. Nilihitaji barua moja, mistari minne, nipeleke benki. Siku ya kwanza mtendaji yuko semina. Siku ya pili mtendaji yupo, muhuri hanao, uko kwa mwenyekiti. Siku ya tatu mwenyekiti yuko msibani, na muhuri kaenda nao msibani! Muhuri umekwenda kuzika! Nikaufuata huko huko. Ananigongea barua juu ya goti lake, watu wanalia pembeni, halafu ananiambia "ya wino 5,000". Wino gani ule, wa dhahabu? Nimeangalia ile alama, nusu haisomeki. Benki wakaikataa.

Mtoto wa Mjini

Muhuri msibani 😂 nimemwaga chai.

Shamba la Babu

Nyie mnaongelea pampu na wino, sisi ardhi imeondoka. Eneo la malisho la kijiji lote kagawiwa mtu mmoja, tumeona tu nguzo za zege zinachimbiwa. Tukiuliza tunaambiwa halmashauri ya kijiji ilikaa ikapitisha. Wapitishe vipi? Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999 inasema halmashauri isigawe ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Mkutano mkuu ndio sisi. Mimi sikuridhia, mke wangu hakuridhia, hata mbwa wetu hakuridhia, siku hizi kila akipita pale anabweka.

Karani Mstaafu

Ombeni muhtasari wa mkutano pamoja na karatasi za mahudhurio. Majina huwa yanasema mengi. Nimewahi kuona mahudhurio yamesainiwa na marehemu wawili.

Mahindi Mabichi

Wakuu mimi siwezi kulala, nachangia tu hapa hapa. Ng'ombe wa mjumbe wameingia shambani kwangu usiku wa kuamkia jana. Mahindi yalikuwa yameshatoa mbelewele, wiki tatu tu tungechoma. Asubuhi nimekuta mabua yamelala kama mikeka, kwato zimejaa maji ya mvua, na kinyesi bado kinafuka moshi. Ekari nzima na nusu. Nimekwenda ofisi ya kijiji kulalamika. Anayepokea malalamiko nani? Mjumbe mwenye ng'ombe! Ananiuliza kwa upole: "Unao uhakika ni ng'ombe?" Mimi nimesimama na kinyesi kwenye mfuko!

Mzee wa Kona

Ulibeba kinyesi ofisini?

Mahindi Mabichi

Ushahidi unabebwaje?

Fimbo na Kibuyu

Mnapenda kulaumu wafugaji. Hilo shamba lako liko wapi? Si ajabu umelima juu ya njia ya mifugo. Sisi kwetu njia ya kwenda lamboni ilikuwa pana, ng'ombe 20 wanapita sambamba. Kila msimu jembe linasogea hatua mbili. Sasa hivi ng'ombe wanapita mmoja mmoja kama wanafunzi wa chekechea, akipiga chafya mmoja tu wameshaharibu shamba. Halafu tunaitwa, tunalipishwa. Nimelipa faini mpaka ng'ombe ninaye jina tu.

Mahindi Mabichi

Shamba la marehemu baba yangu, kalima miaka yote mbele ya macho ya hao hao wazee. Usiniletee njia.

Fimbo na Kibuyu

Kijiji chenu kina mpango wa matumizi bora ya ardhi? Ramani iko ofisini? Kama haipo, wewe na mimi wote tunabahatisha.

Mahindi Mabichi

Ofisini kuna kalenda ya mwaka juzi na kiti kibovu. Ramani sijaiona.

Mama Ndoo Mbili

Jamani mbona mmenihama? Uzi ni wangu. Kesho asubuhi naenda kwa mtendaji kuomba muhtasari kama alivyosema mzee Karani, na wanawake wanne wa foleni wamesema tutakwenda wote, mmoja wao alicheka leo na amekuja jioni kuniomba msamaha. Tutapita nyumba kwa nyumba kukusanya stakabadhi tuzihesabu wenyewe. Aone nani wa kuchota na nani wa kuhesabu!

Dada wa Bondeni

Nendeni mama, msimwache. Lakini ulizeni kwanza kama muhuri umesharudi kutoka msibani.

Jembe Halimtupi

Mtafanya nyumba kwa nyumba bila kibali?

Karani Mstaafu

Kibali cha nini, mtu kumtembelea jirani yake? Tulipiga kura tarehe 27 Novemba 2024 kuchagua mwenyekiti wa kijiji. Hatukuchagua bawabu.

Mtoto wa Mjini

Tuachane na hayo. Mahindi Mabichi, hao ng'ombe walikuwa na alama? Kwetu walikuwa wanapigwa chapa.

Mahindi Mabichi

Mmoja ana kengele. Niliisikia usiku nikadhani ndoto.

Fimbo na Kibuyu

Kengele ya bati au ya chuma? Mlio wake ulikuwaje, mzito au mwembamba?

Mahindi Mabichi

Mzito. Kwa nini unauliza?

Mzee wa Kona

Fimbo, jibu. Kwa nini unauliza?