Majistra anataka kumwona mgonjwa wangu Jumatano. Naombeni ushauri

Kaye_ya_Bluu
Wandugu, salamu. Niko Lubumbashi, nasimamia kazi ndogo tuliyoianza na watu wa parokia na avoka (mawakili) wawili vijana. Wagonjwa wa akili wanaolala nje wakikamatwa kwa vikesi vidogo (kuiba mkate, kuvunja kioo, fujo sokoni), tunamwomba majistra asiwapeleke Kasapa, gereza letu. Anawaachilia kwa muda, sisi tunawapeleka kwenye matibabu, na kila wiki mbili napeleka ripoti. Sasa tunao tisa. Mkataba wenye mihuri hatuna, ni makubaliano ya mdomo na barua moja.

Kuna mmoja tumwite Papa Redio, maana hatembei bila redio yake iliyokufa zamani. Alivunja vioo vya duka karibu na soko la Kenya hapa mjini. Majistra wetu kahamishwa, na huyu mpya, mama mmoja asiyecheka, anasema Jumatano nimlete amwone kwa macho yake. Swali langu ni dogo tu: nikiandika kwamba hali yake haimruhusu kutoka, barua hiyo inatosha? Au lazima isainiwe na daktari? Siku tatu sijalala.

Avoka_wa_Kamalondo
Kwanza tuweke msingi. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 17: uhuru ndiyo kawaida, kufungwa ndiyo nadra. Kifungu cha 18: kasho, yaani mahabusu ya polisi, haizidi saa 48. Pia tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika pale Arusha ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji, zile za kumkamata mtu kwa kuwa hana makao, haziendani na Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu. OPJ wengi, maofisa wa polisi wa upelelezi, hawajasikia habari hiyo. Wachapishieni, wapeni mkononi. Na mwenye kesi asiye na pesa anaweza kupata msaada wa bure kwenye ofisi ya ushauri ya baraza la mawakili.

Kuhusu barua: wewe si daktari. Usiandike.

Bitoyo
Papa Redio anashika stesheni gani? Kwangu umeme ukikatika sipati hata moja 😂

Binti_Likasi
Bitoyo acha. Kaka yangu mkubwa alitoka Likasi kwa miguu hadi Lubumbashi, kilomita 120, amevaa koti la baba katika joto la Oktoba. Tulimkuta baada ya miezi minne karibu na tunnel, anapanga vifuniko vya chupa kwa rangi. Mama alimwosha pale pale barabarani kwa maji ya bidoni, watu wanapita, wengine wanacheka. Alituuliza kitu kimoja tu: nani alilisha njiwa. Njiwa tuliwauza mwaka mzima kabla. Mama akamjibu, wamekula, baba, wamekula.

Samahani, nimetoka kwenye mada.

Mama_Zamu
Miye ni muuguzi. Ndugu Kaye, barua tuiache kidogo. Leo usiku Papa Redio analala wapi, na anameza dawa gani?

Kaye_ya_Bluu
Asante kwa wote. Avoka, nimekuelewa, ila daktari tunayemjua amesafiri. Mama, yuko salama, anakula vizuri. Mtu asifikiri tunawatupa. Natoka nyumbani saa kumi na moja asubuhi, teksi-basi mbili, najilipia mwenyewe. Mwezi uliopita wagonjwa wawili waliongezwa bila mtu kuniuliza kama sanduku lina kitu.

Mama_Zamu
Salama wapi, mwanangu? Nimeuliza mahali.

Shemasi_J
Watu wa siku hizi mnakimbilia vidonge. Yule wa makaburini kwa Wagerasi alipona kwa neno moja, akakaa amevaa nguo na akili zake timamu. Mmejaribu maombi?

Kaye_ya_Bluu
Basi niseme. Yuko kwenye chumba cha maombi, upande wa Ruashi, kwa mama nabii mmoja. Wiki ya tano sasa. Kwenye kituo cha matibabu alikaa majuma matatu, pesa ikaisha, na familia yake simu hawapokei. Ningefanyaje? Nimrudishe chini ya ukuta wa soko avunje vioo vingine? Pale anapewa bukari (ugali) mara mbili kwa siku, kuna paa, kuna watu. Kwenye kaye, daftari langu, niliacha imeandikwa "kituoni" kwa sababu yule majistra wa kwanza mwenyewe aliniambia nisimsumbue na vitu vidogo-vidogo. Na hafungwi mchana. Usiku tu, mguu mmoja, kwa sababu mara ya kwanza alitoroka wakamkuta kwenye barabara ya Kasumbalesa anatembea katikati ya malori ya shaba. Mngependa nimzike?

Barua nimeshaipiga kwenye kompyuta ya parokia. Bado kusaini.

Binti_Likasi
Shemasi, yule wa makaburini minyororo walimfunga watu wa kijiji. Aliyemponya hakumfunga.

Mama_Zamu
Wiki ya tano bila dawa. Kituoni walimpa haloperidoli, ile dawa ya wagonjwa wa akili? Ikikatwa, mwanzoni unaona ametulia, shingo inalegea, mate yanapungua, mnasema maombi yamejibu. Halafu sauti zinarudi. Kwa mtu wa barabarani uliza habari ya sindano ya kila wiki nne, si vidonge vya kila siku ambavyo hana pa kuviweka. Na utazame ule mguu. Kidonda cha mnyororo na udongo, mimi nawaza pepopunda kabla ya kuwaza wazimu.

Katuba_Original
Miye nakaaka Katuba tangu nizaliwe, sijasikiaka parke, ile ofisi ya mashtaka, yenye kutoaka mutu bila falanga. Majistra asiyecheka, redio iliyokufa, mama nabii… hii ni bongo, uongo mutupu. Subirini, kesho atatupia namba ya simu ya kutumia pesa.

Bitoyo
Hata mimi. Mtu gani anayeogopa kukamatwa anajiandikia kosa lake mtandaoni?

Avoka_wa_Kamalondo
Nilitaka kunyamaza, lakini kuna jambo halikai sawa. Kituoni wiki tatu, kwa mama nabii wiki tano, jumla nane. Kwa ripoti ya kila wiki mbili, ni ripoti nne. Kama ni kweli, angalau mbili ni za uongo, siyo "niliacha imeandikwa". Ndugu Kaye, ngapi umesaini?

Binti_Likasi
Mimi redio nimeiona. Ya kijani, haina mlango wa betri. Alikuwa anakaa jirani na tunnel, mvua zilipoanza sikumwona tena.

Katuba_Original
Redio ya kijani iko kila mahali, yaya. Hata kwetu iko.

Yaya_Montreal
Mnagombana bure, kazi ya namna hii ipo duniani. Broward kule Florida walifungua mahakama ya wagonjwa wa akili 1997, chini ya jaji Ginger Lerner-Wren. Hapa Montréal mahakama ya manispaa ina mpango wake tangu 2008. Mtu anaingia kwa hiari yake, kesi ni ndogo, mwendesha mashtaka na wakili na mfanyakazi wa jamii wanakaa meza moja, akiendelea vizuri mashtaka yanaweza kufutwa. Kanada ilijaribu pia kuanzia 2009, miji mitano, watu zaidi ya 2,000 waliokuwa hawana makao: waliochaguliwa walipewa nyumba kwanza, hakuna aliyeambiwa apone ndipo apewe ufunguo. Mimi nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba kama hizo, baridi ya huku tusiizungumze.

Akitoroka mtu wetu, asubuhi namwandikia msimamizi: katoroka. Yeye anampelekea jaji, mpango unapangwa upya. Hilo linatokea mara nyingi mpaka lina fomu yake. Wewe fomu huna, ndugu, una kaye.

Shemasi_J
Nyumba kwanza! Na sisi tulio na akili zetu tukipanga chumba kimoja watu saba, tuugue nini?

Kaye_ya_Bluu
Mbili, Avoka. Nimesaini mbili.

Na Katuba, sijaomba hata franka mia. Mnataka nini, picha ya mguu wake? Siiweki hapa. Ni mtu. Alikuwa fundi wa redio kabla, mjue na hilo, alitengeneza redio za nusu ya mtaa wetu nilipokuwa mtoto.

Mama_Zamu
Kumbe unamjua tangu zamani.

Kaye_ya_Bluu
Namjua. Ndiyo maana nilimwingiza wa kwanza, wakati kulikuwa na wenye hali mbaya zaidi. Sasa mmejua yote.

Avoka_wa_Kamalondo
Usingoje Jumatano. Jumatatu asubuhi nenda ofisini kwa majistra na mmoja wa wale avoka wenu, si peke yako. Peleka ile kaye, ripoti mbili uzitaje wewe kabla hajazifungua. Omba sharti la makazi libadilishwe. Anaweza kukasirika, anaweza hata kukuweka ndani, sikufichi. Lakini wale wanane wengine wako kwenye kaye hiyo hiyo. Kabla ya hapo mtoe kule. Ile barua futa.

Kaye_ya_Bluu
Nimechukua manseba (pikipiki ya teksi), nimefika Ruashi. Amenitambua, ameniita jina la baba yangu. Mguu umevimba. Mama nabii anasema funguo atatoa nikilipa dola 60 za chakula na mishumaa. Ninazo 15. Simu iko asilimia 4.

Katuba_Original
Ee! Nilisema falanga itatajwa ao sikusema?

Mama_Zamu
Kaye, niandikie faraghani uko karibu na nini, kituo cha mafuta, shule, kitu chochote. Natoka zamu saa kumi na mbili, nakuja na sanduku langu la dawa. Katuba, wewe una gari?

Katuba_Original
Iko. Petroli ndio haina.