Greenblatt na mzuka wa baba yake Hamlet: nisome sura zipi kwanza?

Mlinzi_wa_Elsinore
Wakuu habari zenu. Naandika tasnifu ya umahiri juu ya mzuka wa baba yake Hamlet katika tamthilia ya Shakespeare, na imani ya toharani (mahali ambapo, kwa Wakatoliki, roho za wafu husafishwa kabla ya kuingia mbinguni). Msimamizi ameniagiza nianze na Hamlet in Purgatory cha Stephen Greenblatt (2001). Nikikipitia naona sehemu kubwa ni wamonaki, maono na vijitabu vya mabishano vya karne ya 16, Hamlet mwenyewe anakuja mwishoni. Naweza kuruka hadi sura ya 5? Na historia ya dini iliyoandikwa na mhakiki wa fasihi naweza kuitegemea kiasi gani?

Bi_Maktaba
Ukiruka, sura ya 5 utaielewa nusu. Soma kwanza onyesho la 5 la tendo la kwanza, polepole. Mzuka anasema amehukumiwa kutangatanga usiku kwa muda maalumu, na mchana kufunga ndani ya moto hadi madhambi yake yateketee. Moto wenye kikomo ni toharani, si jehanamu. Analalamika pia kwamba aliuawa bila komunyo, bila maandalizi na bila mpako wa wagonjwa. Lakini neno lenyewe la toharani halimo popote katika tamthilia hii, ingawa Shakespeare alilitumia katika Romeo and Juliet na Othello. Kitabu kizima kinalizunguka pengo hilo.

Kisha soma sura ya 1, ya 3, ndipo ya 5. Ya 1 inaanza na Simon Fish, aliyeandika kijitabu mwaka 1529 kwa sauti ya ombaomba wa Uingereza wakimlilia mfalme Henry VIII: toharani ni hadithi ya kuwakamua watu fedha. Thomas More akamjibu mwaka huohuo kwa maandishi marefu zaidi, na humo roho za marehemu ndizo zinazosema: msitusahau. Ukishazisikia sauti hizo mbili, "unikumbuke" ya mzuka inabeba uzito mwingine kabisa. Ya 2 (toharani ya Mtakatifu Patrick, pango la Ireland lililoaminiwa kuwa mlango wa toharani) na ya 4 (mizuka jukwaani) zisome baadaye, ila ya 2 usiiache: Hamlet anaapa kwa Mtakatifu Patrick mara tu baada ya kuonana na mzuka.

Kasisi_Mstaafu
Kuhusu historia: Greenblatt anachagua matini zinazozungumza vizuri, na anazisoma vizuri mno. Hatari ni kudhani kwamba matini chache zenye kutisha ndizo zilizokuwa imani ya parokia nzima. Kando ya Greenblatt soma The Stripping of the Altars cha Eamon Duffy (1992), ambaye ni mwanahistoria, hasa sura mbili za mwisho za sehemu ya kwanza. Duffy anatumia wosia za watu wa kawaida, hesabu za parokia na vitabu vya sala. Hapo utaona toharani ikiwa kazi ya kila siku: Misa za wafu, mishumaa, sadaka kwa maskini, orodha ya majina ya marehemu inayosomwa kanisani. Naye ana upande wake, anaipenda dini ile ya zamani na haifichi huba hiyo. Lakini kwa ushahidi wa kijijini sijaona wa kumpita.

Mwanahistoria Mfaransa Jacques Le Goff (1981) anadai toharani kama mahali penye jina ilizaliwa mwishoni mwa karne ya 12. Wengi wamempinga kwamba imani yenyewe ni kongwe zaidi ya jina, kwa hiyo usimnukuu kana kwamba suala limefungwa.

Tarehe za kushika: sheria ya 1547 iliyofuta taasisi za kuombea wafu, na kifungu cha 22 cha Vifungu 39 vya Kanisa la Uingereza, kinachoikataa toharani. Hamlet ni ya mwaka 1600 hivi. Watazamaji wengi hawakuwahi kuona Misa ya wafu ikiruhusiwa.

Na hapa ndipo tasnifu nyingi huteleza: roho ya toharani huomba sala na Misa, haiombi kisasi. Mzuka huyu anaagiza mauaji. Hamlet mwenyewe, mwanafunzi wa Wittenberg, mji wa Martin Luther, baadaye anahofu huenda ni shetani, na hilo ndilo fundisho la Waprotestanti kuhusu mizuka. Usiandike "mzuka ni Mkatoliki" ukaishia hapo.

Mlinzi_wa_Elsinore
Asanteni sana. Na ule waraka wa imani ya Kikatoliki wa baba yake Shakespeare, niutumie kama ushahidi?

Bi_Maktaba
Usiujengee hoja. Ulipatikana darini Stratford mwaka 1757, na Greenblatt anauegemea. Mwaka 2024 mtafiti Matthew Steggle alionyesha kwamba matini ya Kiitaliano iliyotafsiriwa humo ilitoka baada ya John Shakespeare kufariki mwaka 1601, akapendekeza kuwa waraka ni wa Joan, dada yake William Shakespeare. Ukiutaja, taja na hilo.

Jambo la mwisho, taja toleo la Hamlet unalonukuu. Chapa ya 1603 ni fupi sana kuliko ya 1604–05, Folio ya 1623 (mkusanyiko wa tamthilia zake) ina tofauti zake, na namba za mistari hubadilika kwa kila mhariri. Chagua toleo moja lenye maelezo, la mfululizo wa Arden kwa mfano, ulitumie hadi ukurasa wa mwisho.